Jiwe la Kusagia

Kwenye Hiesi ya kwenda Kibondo, kijana mmoja aliweka gunia miguuni petu. "Jiwe la kusagia, la mke wangu," alimwambia mama aliyekaa kati yetu. "Nimelitoa kule msituni, mlimani."

"Kwenye yale mawe yaliyosimama? Wee! Ule ni msafara wa arusi uliopita bila kuusalimu mlima 'mwakeye', ukageuka mawe. Umebeba mtu, baba."

"Mimi nimeokoka, mama."

"Na mkeo ana mimba?"

"Anayo."

"Basi mtoto atakula uji uliosagiwa juu ya bibi arusi."

Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, ila miguu niliivuta mbali na gunia.

Gari liliposimama Kumsenga, kijana alishuka mikono mitupu.

"Kaka, mzigo wako!" konda aliita.

Alilitazama gunia, akamtazama yule mama, na hakunyoosha mkono.