Ushuhuda Ambao Baba Neema Aliurudisha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye sauti kubwa, na asifiwe na sisi tunaoitikia chinichini kwa kuwa hatuna hakika kama tunastahili kuitikia.

Mimi ni Mama Neema, yule wa safu ya nyuma karibu na mlango. Mchungaji aliniomba nisimame niseme, nikashindwa. Akaniambia basi andika, utasomewa. Kuandika naweza kidogo. Shule nimeishia darasa la saba, lakini tangu nije Muscat nina tabia ya kuandika siku yangu ilivyokwenda kabla sijainjika sufuria. Nikikosea mahali mnisamehe. Na nikimtaja mtu, nitajitahidi nimtaje kwa haki, maana katika habari hii sijaona mtu aliyekusudia ubaya.

Baba Neema ni fundi wa viyoyozi. Kazi yake iko kwenye shule moja ya watu wa mataifa, na kwa ajili ya kazi hiyo shule ilimpokea Neema wetu kwa ada nafuu. Mimi namtunza bibi mmoja Mwomani kule Bustan, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja. Jioni narudi Hamriya, tunapokaa. Hayo ndiyo maisha yetu, na tulimshukuru Mungu kwa hayo.

Mwaka jana shule iliita wazazi. Mwalimu Wanjiru, Mkenya, ndiye mshauri wa wanafunzi. Akatueleza kwamba mtoto wa madarasa ya juu anaweza kuanza kukusanya masomo ya chuo kabla hajamaliza sekondari. Njia mojawapo ni kusoma somo gumu mwaka mzima, halafu kufanya mtihani mmoja mkubwa mwishoni. Ukifaulu vizuri, chuo kinakuhesabia. Njia nyingine ni kuandikishwa na chuo chenyewe, ukasoma kwa kompyuta pamoja na wanachuo, na mwalimu wa chuo akakupa alama zako. Hesabu hizo wanaziita krediti. Ukifika chuoni unakuta umeshazivuna, hurudii. Ukiwa nazo za kutosha, unaruka hata mwaka.

Mwalimu Wanjiru alisema tena: "Lakini wazazi wangu, tuanze na somo moja. Moja tu, tuone mtoto anaendeleaje." Alilisema, ndugu zangu. Nilikuwepo, sitamsingizia.

Sisi masikio yetu yalikwishaishia pale kwenye kuruka mwaka. Ninyi mnaoishi hapa mnaelewa. Mtoto anakaa nchi hii kwa mgongo wa kibali cha baba, na baba anakaa kwa mgongo wa mkataba. Mkataba wa Baba Neema unakaribia mwisho, na hakuna aliyemwambia kama utaongezwa. Mwaka mmoja kwetu ulikuwa ndio tofauti ya Neema kupata chuo au kurudi kwetu Tanga kukaa bure. Basi tukamwandikisha masomo matatu: kemia, hesabu na uandishi, yote kwa njia ya kompyuta. Neema alisema, "Nitaweza, Baba." Alikuwa wa kwanza darasani kwake. Kwa nini tusimwamini?

Sasa nifike kwenye lile lililotufunga.

Katika ushirika wetu tuna desturi ya ushuhuda wa imani. Mtu husimama akamshukuru Mungu kwa jambo ambalo halijatokea kana kwamba limeshatokea, na kanisa zima linapokea pamoja naye. Sisemi ni vibaya! Nimeona waliosimama hivyo wakapata kazi, nimeona waliosimama hivyo wakapata mtoto. Basi Ijumaa moja, siku yetu ya ibada huku, Wahindi tunaopokezana nao jengo walipomaliza ibada yao tukaingia sisi, Baba Neema akaenda mbele. Yeye si msemaji. Lakini siku ile alipaza sauti: "Mwanangu amekwisha maliza mwaka wa kwanza wa chuo! Nashuhudia! Pokeeni!" Kanisa likalipuka. Tukapokea. Na mimi nilipokea, nikapiga na vigelegele.

Tangu siku hiyo mtoto wangu hakuwa na jina. Akawa Mwanachuo.

"Mwanachuo, mbona umekonda? Vitabu hivyo!"

"Mwanachuo, siku ya pilau ya mahafali usitusahau sisi wa darasa la saba!"

"Mwanachuo, hebu tuombee, wewe uko karibu na Mungu na maprofesa."

Walimpenda. Nami nilicheka nao. Neema naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kinakatika mapema kuliko cha wengine, na mimi mama yake nikakisikia nikakiacha kipite.

Kemia ilimshinda. Hesabu nazo zikafuata. Mwalimu wa chuo yuko nchi nyingine, anaongea haraka ndani ya kompyuta, hakuna kumnyooshea mkono. Na masomo ya shule ya kawaida yalikuwa palepale, hayakupungua. Akaacha kula. Akinyoosha mkono kuchukua ugali, anaumega, anauzungusha vidoleni, anaurudisha.

Kila Alhamisi baada ya kazi humsuka kwa ajili ya ibada. Alhamisi moja kitana kilikuja na nywele, shungi zima. Nikashtuka. Halafu nikajiambia, ni maji. Sisi wanawake wa hapa ukikatika nywele husemi ugonjwa, unasema maji ya Muscat, hayana asili, yanatengenezwa kwa mashine kutoka baharini. Nikamnunulia mafuta pale Hamriya. Zikazidi kukatika. Akaanza kufunga kilemba hata ndani ya nyumba, na mimi nikabadilisha mafuta.

Nikaingia kwenye mfungo. Bi Zuwena alinitazama nikimpakulia chakula chake bila kuonja hata chumvi.

"Weye Mama Neema, una nini? Ramadhani yenu hii?"

Nikamweleza kwamba mtoto hali, kwa hiyo namfungia.

"Subhanallah! Mtoto hali, na weye huli. Sasa huko nyumbani kwenu anokula nani, jiko?" Kisha akauliza, "Na babake kasemaje?"

Nikasema babake sijamwambia, ana mawazo mengi.

"Nna miaka mingi duniani na nimeolewa mara mbili. Wanaume hawafi kwa kuambiwa. Mwambie."

Sikumwambia. Niliona bibi ni wa dini nyingine, hajui mambo ya imani yetu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Juma lililofuata Mwalimu Wanjiru akanipigia. "Mama Neema, hii maneno si ya simu. Kuja shule, na tafadhali usikuje na mzee kwanza. Msichana ameniomba hivyo."

Nikaenda. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Kemia na hesabu Neema anaanguka. Na alama hizi si za shule, ambazo unaweza kurudia zikasahaulika. Ni za chuo, na kumbukumbu ya chuo haifutwi. Akianguka, kila chuo atakachoomba maisha yake yote kitaona ameanguka. Lile tulilolitaka limfungulie mlango ndilo litakaloufunga.

"Lakini iko njia," akasema. "Mtu anaruhusiwa kujitoa kwenye somo kabla ya tarehe fulani. Kwa rekodi wanaandika tu kwamba alijitoa. Si kuanguka. Mwisho ni Jumapili hii. Shida ni Neema mwenyewe amekataa. Nimemwomba, nimembembeleza, hataki. Ukimuuliza sababu analia tu. Sasa wewe ni mamake, muulize wewe."

Nilimkuta Neema kitandani na sare yake ya shule. Sikumuuliza mengi. Nilimwambia tu kwamba mwalimu ameniambia. Akasema neno ambalo sitalisahau mpaka kaburini.

"Mama, nikijitoa, Baba atakuwa amesema uongo mbele za Mungu."

Ndugu zangu! Mtoto alikuwa ameubeba ushuhuda wa baba yake peke yake miezi yote ile, na sisi kila Ijumaa tulikuwa tunauongezea uzito kwa makofi.

Nikamwambia baba anaweza kwenda kuurudisha. Akacheka kile kicheko chake kifupi. "Nani amewahi kurudisha ushuhuda?"

Hilo hilo ndilo Baba Neema aliloniambia Alhamisi alipotoka kazini, bado ana masizi mikononi. "Nikafute ushuhuda? Umeona wapi? Huyo mwalimu shetani anamtumia kutuvunja moyo." Alisema hivyo, na baadaye alimwendea mwalimu akamwomba radhi, kwa hiyo naomba msimshikie. Msisahau huyu mtu anashinda juu ya mapaa wakati wa joto, moto wa bati unapenya glavu, akiamriwa na kijana mwenye cheti. Cheti ndicho alichokuwa anamtafutia mtoto wake. Hofu yake naijua, hata mimi ninayo.

Nikamwita Neema, nikamwambia, "Vua kilemba, baba yako akuone kichwa."

Akavua. Upande wa nyuma palikuwa na sehemu nyeupe, tupu, ingeweza kufunikwa na kiganja cha mtoto. Baba Neema hakuwa amewahi kuiona. Akaja karibu, akaigusa na ncha ya kidole, polepole, kama anavyogusa bomba la gesi kuona kama linavuja. Akaenda akakaa kwenye ngazi za jengo, watu wakawa wanamruka wanapanda na kushuka, yeye yupo tu.

Ijumaa wakati wa shuhuda akasimama. Kanisa likaanza kupiga makofi kabla hajafika mbele. Wengine wakaita, "Mwanachuo! Mwanachuo!" Neema alikuwa pembeni yangu, ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

Baba Neema akasubiri makofi yaishe. Yalichukua muda. Akasema:

"Ule ushuhuda nilioutoa juu ya mwanangu, naurudisha. Mungu hakunipa neno lile. Nililitoa kwa hofu yangu, nikaliita imani. Mtoto hajamaliza mwaka wa chuo. Masomo mawili yamemshinda na Jumapili anajitoa. Hana deni kwangu, hana deni kwenu, wala kwa Mungu sidhani kama analo. Naomba msimwite lile jina."

Hakuna aliyeitikia Amina. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Ndugu, usikiri kushindwa!"

Baba Neema akamtazama. "Ndugu yangu, wewe utatoka hapa uende kwako. Mimi natoka naye."

Akarudi kukaa. Nilipogeuka, Neema hayupo. Nikatoka mbio, nikimwazia mabaya yote. Nikamkuta uani, penye chupa za chai za akina mama, anakunywa maji kikombe juu ya kikombe. Akaniangalia akasema, "Mama, kuna chapati?"

Alikula amesimama. Akaomba nyingine. Nikamshikia sahani, nikalia mbele za watu bila aibu. Hapo ndipo nasema Bwana alimfungua mwanangu! Sikuona moto, sikusikia sauti. Nilimwona anatafuna.

Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, tukaenda wote watatu shuleni. Mwalimu Wanjiru akasema, "Sasa hii ya uandishi tuishikilie, hiyo anaiweza." Akaishikilia. Amefaulu, vizuri kabisa. Somo moja, lile lile moja tuliloambiwa tuanze nalo.

Nisiwadanganye kwamba yote yako sawa. Kumbukumbu yake ina sehemu mbili zilizoandikwa amejitoa. Mwaka hakuuruka. Mwalimu ametuambia kila chuo kina masharti yake, huenda cha nyumbani kisiipokee hata hiyo krediti moja. Mkataba wa baba bado hatujui. Baadhi yenu mmekuwa mkitusalimia kwa ufupi, na siwalaumu, pengine sisi ndio tumeleta ubaridi. Na Baba Neema, wakati wa shuhuda ukifika, anainamisha kichwa. Hasimami tena. Wakati mwingine najiuliza kama nilimponya mtoto kwa kumvunja baba. Ninaandika tu.

Lakini nywele zinaota, laini kama za mtoto mchanga. Na juzi mama mmoja alijisahau, akaita mlangoni, "Mwanachuo, umekuja?" Akaziba mdomo. Neema akamjibu, "Bado, Mama. Mimi wa shule tu. Ila leo nina njaa, umeleta nini?" Wakacheka, na kicheko cha Neema kikaendelea mpaka mwisho wake.

Wazazi wenzangu mnaoitwa kwenye mikutano ya hizo krediti, nendeni. Ni kitu kizuri, sitakisema vibaya. Mwalimu akisema somo moja, msikieni moja. Ulizeni siku ya mwisho ya kujitoa kabla hamjauliza siku ya kuruka mwaka. Kisha muulizeni mtoto, na akiwajibu "nitaweza," mtazameni sahani yake.

Na wewe uliyesimama hapa mbele ukatamka jambo likakataa kuja, ukaona haya kurudi: rudi. Bwana tunayemtumaini hahitaji tumlindie jina lake kwa watoto wetu. Mtumaini hata ukiwa huna cha kuonyesha. Mimi sishuhudii la kesho, silijui. Nashuhudia la leo asubuhi: mwanangu alikula uji wote, akalamba kijiko, akauliza kama umebaki.

Umebaki, mwanangu. Kwa hilo, Mungu, asante.