Kilichomuua Kaka Yangu Kilikuwa Kwenye Ekzosi

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yule aliyeniachia pumzi. Mkiona nasita au nashika kiti, nivumilieni. Kichwa changu hakijarudi chote bado. Lakini mchungaji ameniomba niseme, nami nitasema.

Wengi wenu mwanijua kama yule mama wa trekta. Naam, ndimi. Naendesha trekta ya kuvuta matrela katika yadi moja hapa Changamwe. Aliyenifundisha kazi hiyo ni kaka yangu wa tumbo moja, aliyekuwa fundi wa yadi hiyohiyo. Watu walituita mapacha, ijapokuwa alinizidi kwa umri na kwa kelele.

Sasa, trekta hizi za kisasa si kama zile za zamani zilizokuwa zikitapika moshi mweusi mtaa mzima. Hizi zina filta kwenye ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Filta hukamata masizi, na yakijaa, injini hujipandisha joto ili iyachome. Taa huwaka, unaegesha, unaiacha ingurume mpaka imalize. Ikimaliza, taa huzimika, unarudi kazini.

Yetu ilikataa kumaliza. Tunaichoma leo, kesho kutwa taa imewaka tena, na trekta haina nguvu, hata trela tupu yaisumbua pale kwenye mwinuko wa lango. Kaka akaitoa filta akaisafisha. Akabadilisha sensa, kile kifaa cha kupima joto. Akabadilisha oili. Mimi nikachoka nikamwambia, "Kaka, kitu hiki hakitutaki." Akacheka. "Chuma hakina roho, dada yangu. Kuna mahali joto linapotea. Nitapaona tu."

Hakupaona.

Siku hiyo ilinyesha mvua ya masika, ile ya kupiga mabati hata hamsikizani. Maji yakaanza kuingia kwenye banda la ufundi tulimokuwa. Kaka akavuta milango, akaiwasha trekta ianze kuchoma masizi. Mimi nilikaa kwenye debe karibu na ufa wa mlango, nanywa chai. Nakumbuka kichwa kiliniuma, nikadhani ni njaa. Nakumbuka kaka ameinama ubavuni mwa injini, anatafuta. Akasema, "Mbona miguu imekuwa mizito?" Ndugu zangu, nawaambia, hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kuingia masikioni mwangu.

Waliotufungulia walitukuta sakafuni, injini ingali yanguruma. Mimi nilizindukia hospitalini. Yeye hakuzinduka. Daktari akanieleza kwamba ni hewa yenye sumu inayotoka kwa injini, haionekani, hainuki, humlaza mtu kabla hajajua ameumwa. Nilimsikia, lakini sikuweza kushika neno. Hata jina la mwanangu lilinipotea. Kaka alizikwa nyumbani, kule juu ya Mazeras, mimi niko kitandani.

Huko matangani ndiko yalikozuka mengine. Mtu mzima, hana homa, hana jeraha, amekufa. Nani kamfanya hivi? Macho yakamgeukia baba yetu mkubwa, mzee wa mvi, aishiye peke yake, aliyewahi kuzozana na marehemu juu ya mpaka wa shamba. Vijana wa ukoo wakasema ni mchawi. Mnajua kwetu neno hilo likishatamkwa, mzee halali tena. Nyumba yake ilitiwa moto. Aliponea kwa kuwa alikuwa ameenda kisimani. Akakimbilia kwa chifu, na vijana wakasema waziwazi kwamba watamngoja atoke.

Mama alipokuja kunitazama hospitalini ndipo nikayajua. Nikamwuliza, "Mama, nawe waamini?"

Akatazama ukuta. "Mwanangu hakuwa mgonjwa. Na wewe ulikuwa naye mulemule. Mbona u hai?"

Swali hilo lilinimaliza. Niliporuhusiwa nilirudi chumbani kwangu, nikaacha kula, nikaacha kuoga. Akina mama wa kanisa hili walikuja kuniogesha kama maiti, na mimi natamani kweli ningekuwa maiti. Siku moja walikuwa wakisali, mimi siitikii, maneno ya kaka yakanijia. Joto linapotea. Nikakaa kitako. Kama joto linatoka mahali, si moshi nao hutokea hapohapo?

Nikaenda yadini nimeshikwa mkono. Trekta ilikuwa imesukumwa nje, hakuna aliyetaka kuigusa. Msimamizi akasema, "Mama, rudi ukapumzike. Hii tutaiuza." Nikamwambia sitoki. Mwishowe akaniitia fundi wa yadi jirani. Fundi akafungua bati la kukinga joto, tukamwaga maji ya sabuni kwenye viungo vya ekzosi, akaiwasha ikiwa baridi. Nyuma ya turbo, ile feni inayosukuma hewa injinini, kabla ya filta, povu likachemka kama uji. Klampi, ule mkanda wa chuma unaobana kiungo cha bomba, ilikuwa imepasuka, na masizi yametapakaa pande zote. Joto lilivujia hapo, ndiyo maana filta haikumaliza kujichoma. Na moshi wenye sumu ukavujia hapohapo, ndani ya banda lililofungwa. Nilikaa matopeni nikalia.

Ile klampi niliibeba hadi nyumbani. Chifu akauita ukoo, na mzee akaletwa, ameketi nyuma ya chifu. Nikaiweka mkekani. Nikasema, "Mnamtaka aliyemuua kaka yangu. Ni hiki."

Kijana mmoja akaniuliza, "Kipande cha chuma ndicho kiue mtu?"

Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Kisha nikamgeukia mama. "Mimi nilikaa penye ufa wa mlango, napata upepo. Yeye aliinamia palipovuja. Ndiyo sababu mimi ni hai, mama."

Mama akaiokota klampi, akaigeuza, masizi yakamshika vidoleni. Ndipo akalia kilio ambacho hakuwa amekilia mazikoni. Baadaye akamwendea mzee. "Shemeji, nisamehe."  Mzee akamshika mkono.

Sitawadanganya kwamba yamekwisha. Wako ambao hadi leo hawamwamkui. Nyumba ni majivu. Kaka hayupo, na trekta ikianza kujichoma, mimi hushuka nikasimama mbali. Lakini niliirudia kazi, na siku hizi milango ya banda haifungwi, inyeshe isinyeshe.

Asanteni mlioniogesha. Asante fundi yule aliyekubali kuigusa trekta ya maiti. Asante mke wa chifu aliyemlisha mzee wakati watu wakimkimbia. Nami nawaachia hili: taa ikiwaka tena na tena, msifurahie kuizima, tafuteni kinachoiwasha. Na mtu akifa ghafla, ulizeni kilichomuua kabla hamjamtafuta aliyemuua.

Baba yetu mkubwa sasa anaishi nami. Yumo humu ndani leo. Ameniomba nisiwaonyeshe alipoketi, kwa kuwa bado huogopa watu wakigeuka wote kumtazama. Basi msigeuke. Ibada ikiisha, mwamkueni kila mzee mtakayekutana naye mlangoni.