Fundi Mahamudu na Hortensia za Mama Rabia

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Fundi Mahamudu anastaafu kutoka karakana yetu ya useremala hapa mtaani kwetu, katika komini iitwayo Kenya. Karakana inampoteza fundi mkuu. Mbao zinapata nafasi ya kupumua.

Alianza kwa kufagia maranda, akapanda kwa kipaji, kwa bidii, na kwa ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuvumilia kitu kisicholingana. Milango yake hujifunga bila kelele mpaka leo, na hilo tunalisema kwa fahari. Lakini tunaikumbuka pia meza ya kulia ya Bwana Guelor, iliyoletwa kwetu kwa sababu mguu mmoja ulizidi kidogo. Fundi akaupunguza, kisha akapunguza wa pili, kisha akaurudia ule wa kwanza. Meza iliporudi kwa mwenyewe, familia nzima ilianza kulia chini mkekani. Hata hivyo, haikutikisika tena.

Ugonjwa huo haubaki kazini. Mbele ya baraza la nyumba yao, mkewe, Mama Rabia, alipanda maua ya hortensia kwa vijiti alivyopewa na marehemu mama yake. Kiangazi kikikolea, majani hupukutika na mmea hubaki vijiti vya kahawia, na ndani ya vijiti hivyo ndimo ua la mvua zijazo lilimokwisha kujificha. Mama Rabia analijua hilo. Jirani yake Bijou, aliyepanda vijiti kutoka mmea huohuo, huondoa tu vichwa vilivyonyauka, na kila Desemba maua yake ya buluu huchungulia juu ya ukuta.

Fundi wetu anajua zaidi. Kila Agosti huvigonga vijiti kwa ukucha, kama anavyogonga ubao, na kutoa hukumu: "Miye niko fundi wa mbao, muti ya kufa naijua." Kisha hufunga uzi, huweka pima maji, na kuvikata vyote sawasawa kwenye kimo cha kifundo cha mguu. Ndiyo maana Mama Rabia alikuwa na majani mazuri tu, miaka nenda miaka rudi. Maua ya mama yake aliyatazama kwa Bijou, na ilimuuma.

Mwaka jana, Agosti nzima, tulimtuma Fundi kijijini Lukafu kuezeka kanisa. Aliporudi, vijiti vilikuwa vimechipua, naye akaona haya kuvisema vimekufa. Desemba baraza lilijaa buluu. Mama Rabia alilia. Fundi alijipiga picha mbele ya maua, akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na kututangazia kwamba hayo ndiyo matunda ya ukataji wake wa miaka yote. Tangu hapo ameahidi kwamba, akistaafu na kupata muda, atakata mpaka usawa wa udongo.

Kamati ya kuagana, kwa akili zake, ilipanga kumzawadia mkasi wa bustani. Habari zikamfikia Mama Rabia, akaja karakanani na kitenge bado kina unga. "Bantu bangu, mumupatie kila kintu," alituambia, "lakini sécateur, hapana!"

Tumesikia. Zawadi ni kiti cha mti wa mninga, kipana, chenye mgongo wa kuegemea. Wanaokijaribu wanalalamika kwamba kimekuwa chini mno na kwamba mwenye goti bovu, kama la Fundi, hatainuka bila kuvutwa mkono. Tulikipima vizuri. Mama Rabia ndiye aliyechagua mahali pa kukiweka, mbele ya hortensia zake, na ndiye pekee atakayekuwa karibu wa kumvuta. Uzi na pima maji ni mali ya karakana, vinabaki kwetu.

Asante, Fundi, kwa kila mlango unaojifunga kimya. Tunakutakia maisha mema na marefu, na Agosti yote ukiwa umekaa.