Sh Mbili za Jina la Shushil

Baraza la nyumba ya akina Mullick, uchochoroni kwetu Shyambazar, halina mwenyewe alasiri. Anayewahi ndiye anayekaa. Siku ile tulikuwa wanne na chai zetu kwenye vikombe vya udongo: mimi, Ponchu fundi saa, Nontu karani mstaafu anayejiona wakili, na Shushil muuza samaki. Chai ya Shushil ilikuwa inapoa. Mkewe, Shefali, alikuwa ametoka tena saa kumi, mkoba kwapani, bila kuaga.

— Anarudi na wino vidoleni, alisema Shushil. Nikimuuliza, anakimbilia kuosha vyombo.

Nontu akasogea.

— Kidole gani?

— Gumba, na hiki cha pili.

— Basi kwisha habari yako! Anatia dole gumba kwenye hati. Kuna tajiri wa maghorofa anaitaka nyumba yenu.

— Tumepanga, Nontu.

— Ndiyo maana anafichaficha!

— Acha porojo, alisema Ponchu. Shemeji anamwandikia mtu barua.

— Shefali hajui kuandika. Hakukanyaga darasa hata siku moja.

— Basi kuna anayemwandikia. Mbaya zaidi, kaka, wako wawili!

Shushil akashusha sauti.

— Jana nilimfuata. Kaingia mlango mmoja nyuma ya hekalu. Ndani nikasikia mwanamume anakohoa.

Hapo hata mimi niliweka kikombe chini.

— Kikohozi cha kizee au cha kijana? aliuliza Nontu.

— Kikohozi kina umri?

— Kina. Huyo ni mtu wa chama, anaandikisha wapiga kura hewa!

Shushil alikuwa ameshasimama aende huko huko, mara mzee mmoja akaingia uchochoroni, chaki imemtapakaa kifuani, anakohoa.

— Shushil ni nani hapa?

— Mimi. Na wewe ndiye unayekohoa na mke wangu?

— Ndiye mimi. Nafundisha kina mama kusoma na kuandika Kibengali chetu. Leo nimewaambia kila mmoja aandike jina analolipenda. Kalamu ya mkeo imekwama.

— Kwa nini asije kuniuliza?

— Alitaka akuletee likiwa tayari. Jina lako hajalitamka tangu umuoe, adabu za zamani hizo; wenzake ndio walionitajia. Kuliandika, anasema, hakuna aliyemkataza. Sasa, herufi zetu za sh ziko tatu, mdomoni zote sawa, na jina lako lina mbili. Mimi najua ya vitabuni, lakini yeye anataka vile unavyoliandika wewe. Inatangulia ipi?

Ponchu akainama kwenye kikombe. Miaka thelathini tumekaa na Shushil, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika kalamu.

Shushil alijifuta mikono kwenye lungi, shuka yake ya kiunoni, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

— Sijui, mwalimu. Sijawahi kuliandika.

Mzee hakucheka. Alimshika mkono.

— Basi twende, alisema. Usimweke mwenzio akingoja, mkajifunze kuliandika pamoja.

Wakaondoka pamoja, chai ya Shushil ikabaki barazani.