Machicha ya Pito

Kwenye mtumbwi wa kuvuka mto Offin, nimeipakata ndoo yangu, nikawasikia watu wawili wasiojuana wakibishana. Mama Ayinpoka, mpishi wa pito, ile pombe ya mtama, alikuwa anamtambia mchimba dhahabu mmoja: "Machicha yangu anayanunua daktari mzima wa chuo! Anayatia kwenye maji mliyoyachafua nyie, yananyonya zebaki yote mnayokamatia dhahabu."

"Machicha? Si chachu iliyokufa hiyo, inayobaki chini ya chungu?"

"Imekufa, lakini inashika sumu. Nyie mko hai, na kazi yenu kuimwaga tu."

Nikavimba kichwa. Daktari mwenyewe ni mimi, ila mama hanijui, maana huwa namtuma dereva. Nilisoma miaka sita ughaibuni kujifunza jambo hilo, naye alimaliza kulieleza kabla hatujafika katikati ya mto.

Mchimbaji akacheka. "Haya, mama. Yakishashiba zebaki, huyo daktari wako anayatupa wapi?"

"We! Mtu na vyeti vyake vyote, akose pa kuyatupa?"

"Nauliza tu. Maana tukimwaga sisi, tunaitwa wahalifu."

Nikakibana kifuniko cha ndoo. Ndani mlikuwa na machicha ya mwezi mzima, yameshiba, nayapeleka kuyafukia nyuma ya mihogo ya mjomba wangu. Swali la mchimbaji halikuwamo kwenye utafiti wangu.

Mtumbwi ukagusa ukingo. Mchimbaji, muungwana kupita kiasi, akaidaka ndoo yangu. "Lete nikusaidie, bosi. Mbona nzito hivi? Umebeba nini?"

"Uji," nikasema.