Shasi Haidanganyi: Maisha ya Nathanaël Ngadjole Lossa, Fundi wa Camion za Vita

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wa Mudzipela, majirani, na ninyi vijana mliosimama kule nje kwenye mlango wa kiwanja, familia inawaomba mliopata pa kuketi mketi, na ambao hamkupata msogee karibu, kwa sababu historia hii ina tarehe nyingi, na mjane wa marehemu, Françoise Mave, ameomba isomwe yote bila kuruka hata moja, kwani leo tarehe ndizo zenye neno.

Marehemu Nathanaël Ngadjole Lossa alizaliwa tarehe 3 Juni 1968 huko Mongbwalu, mtoto wa pili wa muzee Lossa, dereva wa camion, yaani malori, za mgodi wa dhahabu, na mama Rachel, mkulima wa mihogo. Camion aliyoendesha baba yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa na usukani upande wa kuume, tofauti na zote nyingine za mgodi, na mtoto alipouliza sababu, muzee alimjibu, "Usukani iko fasi iko, weye kula mihogo yako." Jibu hilo, kwamba kitu kiko mahali kilipo, halikumtosha, na wanaomfahamu wanajua kwamba katika maisha yake yote hakuna jibu la namna hiyo lililomtosha.

Alisoma shule ya msingi Mongbwalu toka mwaka 1974 hadi 1980, akaja Bunia kwa shule ya ufundi, akapata diploma ya Serikali katika mekanike mwezi wa Julai 1987, kwa asilimia hamsini na nane, ambazo alizitaja mbele ya watoto kana kwamba zilikuwa tisini. Toka 1988 alikuwa dereva na fundi kwenye barabara ya Kasenyi, akipandisha samaki wa chumvi kutoka ziwani hadi soko la Bunia.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Françoise Mave katika kanisa la hapa Mudzipela, na Mungu akawapa watoto watatu, Tina mwaka 1998, Héritier mwaka 2001, na Nadège mwaka 2006.

Mwezi wa Mei 2003, vita ilipoingia mjini, familia ilikimbia kwa miguu hadi Boga, na huko ndiko Nathanaël alipokutana na Blanchard, kijana aliyekuwa mlinzi wa shamba la kahawa ambalo wenyewe walikuwa wameliacha. Ndani ya majani ya shamba hilo ilikuwapo camion ya zamani, usukani upande wa kuume, mti umeota katikati ya sanduku lake la mizigo. Wawili hao walikata mti, wakatengeneza mkanda wa mota kwa vipande vya mpira wa gurudumu, wakaitoa camion kwa nguvu zake yenyewe tarehe 22 Februari 2004, na ndiyo hiyo hiyo iliyosimama pale kando ya ukuta, ile mnayoiita camion ya Boga.

Mwaka 2011 mgeni mmoja aliyekuja kupiga picha makanisa ya zamani aliitazama, akasema kwa usukani huo wa kuume inaonekana kuwa ya vita ya mwaka 1940, ya askari waliotoka Congo kwenda kupigana Abisinia, na kwamba baada ya vita nyingi ziliuzwa kwa migodi, kwa mashamba na kwa wavuvi. Toka siku hiyo Nathanaël, aliyeikumbuka camion ya baba yake, hakulala kwa raha. Alitaka kujua kwa hakika, akaanza kuzitafuta, Mongbwalu, Kasenyi, Boga, popote palipokuwa na chuma cha zamani kinacholiwa na kutu, na akajiwekea kazi ya namna tatu. Kwanza hakuamini kibao cha jina na namba kilichobandikwa mbele ya dereva, kwa sababu kibao kina skrubu nne tu, "kibao inaweza kuhama, shasi haihami, shasi haidanganyi." Pili, alisafisha ubavu wa shasi, ile fremu ya chini inayobeba camion nzima, mpaka namba iliyogongwa na kiwanda itokee, akaweka karatasi juu, akasugua penseli, akaichukua ilivyo. Tatu, alikwangua rangi, akafungua dirisha dogo kama kibiriti, akalamba dole gumba, akalilowesha dirisha ili rangi za chini zionekane moja baada ya nyingine, ya mgodi, ya mtu binafsi, ya jeshi, akalamba tena, akasugua tena. Hayo yote aliyaandika katika daftari, siku, mahali, namba na rangi. Blanchard hakulamba, yeye alitembea na chupa ya maji na kitambaa, na Nathanaël alimcheka mbele ya watu, "Angalia huyu, ananawisha rangi sawa mutoto muchanga!"

Familia haitaficha kwamba kazi hii ilileta mashaka mengi. Mtu anayefufua camion ya jeshi katika Ituri yetu hawezi kukosa wa kumshuku. Nathanaël alikuwa na sheria ya kuirudishia kila camion rangi yake ya kwanza, na mwaka 2021 alipopaka ile ya Boga rangi ya kijani ya jeshi, mtu mmoja wa mtaa huu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa yuko hapa na ametuletea kuni, alikwenda kusema kwamba anawatengenezea camion watu wa porini wenye silaha. Wakuu walikuja kuangalia, wakafungua kifuniko, wakaona mota ya miaka themanini iliyofungwa kwa waya, wakacheka, wakaondoka. Lakini neno halikuondoka nao, na kwa miezi mingi watu walipita kando ya ukuta wetu bila kusalimu.

Na Françoise naye alimshuku. Safari za Mongbwalu zilikuwa nyingi, na mwanaume anayekwenda Mongbwalu kila mwezi bila kurudi na dhahabu, huyo kuna kitu kingine anachokifuata. Alinusa mashati yake, akauliza madereva, na tarehe 8 Oktoba 2014 alikodi pikipiki, akamfuata kwa barabara ile mbaya, zaidi ya kilomita themanini, ili amkute na huyo mwanamke. Alimkuta amelala chini ya camion, penseli mdomoni, miguu tu ndiyo inaonekana, na alipomwita kwa jina lake lote, yeye alijibu kutoka chini, "Mama Tina, umekuja muzuri, nishikiye karatasi." Akashika karatasi. Walirudi Bunia pamoja juu ya mifuko ya maharagwe, na kwa wiki nzima hawakusemeshana, yeye kwa haya, marehemu kwa sababu alikuwa anaandika.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa familia inaomba masikio yenu.

Neno linalozunguka katika mtaa ni kwamba Nathanaël alilishwa sumu na Blanchard, Jumamosi tarehe 9 Agosti mwaka huu wa 2025, huko Kasenyi. Ni kweli kwamba siku hiyo walikuwa pamoja kutambua camion moja ya wavuvi, na ni kweli kwamba waligombana, kwa sababu camion hiyo haikuwa na kibao, na Blanchard alitaka wabandike kibao cha camion nyingine ili watu wa Ulaya, ambao wawili hao waliwatumia picha za camion walizozitambua, waione kuwa kamili, na Nathanaël akakataa, akapiga kelele mbele ya wavuvi, "Weye Blanchard, utazika mutu na jina ya mutu mwingine?" Ni kweli pia kwamba jioni hiyo walikula samaki kwa dada ya Blanchard, na kwamba siku ya tatu Nathanaël aliletwa hapa akiwa amejikunja kama mtoto tumboni. Yote hayo ni kweli. Na aliyeyaunganisha kwanza si mwingine ila Françoise, ambaye tarehe 13 Agosti, kwenye mlango wa hospitali, mbele ya watu zaidi ya kumi, alisema kwa sauti, "Muulize Blanchard alimulisha nini." Alisema maneno hayo mara moja. Hakuhitaji kuyarudia, watu wengine waliyarudia kwa niaba yake, mpaka mabati ya nyumba ya Blanchard yakapigwa mawe tarehe 2 Novemba, na toka Jumanne usiku vijana wameapa kwamba akionekana makaburini atabaki huko huko.

Kwa hiyo sikilizeni tarehe. Tarehe 14 Machi 2023, Nathanaël alikwenda kituo cha afya kwa maumivu ya tumbo, akapewa dawa ya minyoo, karatasi iko. Tarehe 2 Novemba 2023 alirudi, akiwa na siku tisa bila kwenda choo, na akilalamika kwamba chakula chote kina ladha ya msumari, karatasi iko. Tarehe 19 Juni 2024 ufunguo wa nati wa namba kumi na saba ulimwanguka, na kiganja cha kuume kikabaki kinaning'inia kama nguo kwenye kamba, hakuweza tena kukiinua, karatasi iko. Tarehe 9 Agosti 2025 ndiyo siku ya samaki. Mwenye hesabu ahesabu, sumu gani inaua mtu miaka miwili na nusu kabla ya kuliwa?

Tarehe 20 Septemba, Docteur Solange, aliyemtibu, alimwambia afungue mdomo, akaona mstari mweusi wa buluu kwenye ufizi, akauliza kazi yake, akauliza pia anaifanyaje, na alipoonyeshwa lile dole gumba, aliketi. Alieleza kwamba rangi nyingi za zamani zilichanganywa na plomb, yaani risasi, madini mazito ambayo yakiingia mwilini kidogo kidogo yanaharibu damu, mikono na figo. Damu ilipelekwa Kampala, na jibu lilirudi tarehe 28 Oktoba, likasema vile vile. Lakini figo zilikuwa zimeshachoka, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja ya alfajiri, Nathanaël aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Kaka yake mkubwa, muzee Mathieu, hakukubali jibu hilo. "Karatasi ya Kampala inanunuliwa," alisema, na wengi wa ukoo walikuwa upande wake, na Françoise hakuwalaumu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameshasema neno lake na aibu ya kulirudisha ilikuwa nzito kuliko kuliacha liende.

Jana asubuhi alifungua daftari la marehemu, ili apate tarehe za historia hii tu. Aliona kwamba kando ya kila rangi marehemu aliandika pia ladha. Rangi ya mgodi, chungu. Rangi ya mtu binafsi, haina ladha. Rangi ya chini kabisa, ya vita, tamu. Hiyo ndiyo alama ambayo hakumfundisha mtu, wala Blanchard, na ndiyo iliyomfanya asikosee, kwamba rangi ya vita aliijua kwa ulimi, na utamu huo ndio wa plomb. Neno tamu limeandikwa mara arobaini na moja, mara ya kwanza tarehe 5 Februari 2012 huko Mongbwalu, mara ya mwisho tarehe 9 Agosti 2025 huko Kasenyi, kabla ya samaki.

Françoise alimpelekea muzee Mathieu daftari hilo, akampeleka pia kwenye camion ya Boga, chini ya bawa la gurudumu ambapo rangi ya kwanza bado iko, na mbele ya wazee wanne Mathieu alikwangua kwa kisu, akagusisha ncha ya ulimi, akatema. Kisha akasema, "Iko tamu." Akaomba maji, akasukutua mara tatu. Familia inawaomba watu wote, hasa watoto, wasirudie jambo hilo.

Basi sumu ilikuwapo, wenye kusema sumu hawakukosea, walikosea mkono. Neno lililotoka katika mdomo wa Françoise kwenye mlango wa hospitali analirudisha leo mbele yenu wote, kwa sauti ile ile.

Familia inawashukuru Docteur Solange na wauguzi, waliomwosha na kumgeuza bila kuchoka, kituo cha afya kilichotunza karatasi zake, wachungaji na waimbaji, majirani walioleta maji, unga na kuni, hata wale walioleta huku wakitushuku, kwa maana kuni za mwenye mashaka nazo zinaivisha, mafundi wenzake wa Bunia, na zaidi ya wote mwenzake wa kazi kwa miaka ishirini na miwili, Blanchard, ambaye amekuja tangu alfajiri kwa njia ya nyuma, na sasa hivi yuko ndani ya kibanda cha dereva cha camion ya Boga, nyuma ya turubai.

Marehemu aliomba apelekwe kwa camion hiyo, na hakuna mtu mwingine katika mji huu anayejua kuiwasha. Tukimaliza hapa turubai litaondolewa, muzee Mathieu atazungusha manivela, chuma cha kuwashia mota, mbele, na Blanchard ataendesha hadi makaburini. Camion hiyo haina mlango wala kioo upande wa abiria. Kiti hicho atakaa Françoise, na jiwe lolote litakalorushwa litaanzia kwake, kama vile neno lilivyoanzia kwake. Tina, Héritier na Nadège watakuwa nyuma na baba yao.

Ngadjole, mtoto wa Lossa, Papa Tina, daftari limefungwa na jina lako limewekwa kwenye shasi yake yenyewe. Mkono wako upumzike, nawe upumzike kwa amani, na utuachie nasi kidogo ya amani hiyo, ya kutufikisha makaburini na kuturudisha.