Egide Kagoma Kusifu Dagaa

Benchi letu pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, ni ubao wa mtumbwi uliovunjika, na sisi tunaolikalia tuna nafuu kidogo tu kuliko huo mtumbwi. Miaka ile ya wakimbizi tulikuwa na Egide, Mrundi. Kwao alikuwa akighani sifa za ng'ombe kwenye harusi. Huku ng'ombe hakuna, akaanza kusifu dagaa, na fungu alilolisifu liligombewa. Asubuhi hiyo alikuja, akakaa, akagoma kusema. Balaa ni kwamba alasiri alitakiwa mtaa wa Katonga kumsemea mwenzetu Gasper kwenye posa ya Skolastika. Gasper mwenyewe mbele ya wakwe hutoka jasho tu, maneno hayatoki.

— Kaka Egide, usinifanyie hivyo! Baba yake Skolastika anataka msemaji!

Egide akanywa kahawa.

— Ni migebuka hao, alisema Injini, fundi wa boti. Kila siku anasifu dagaa. Migebuka wameona wivu, wamemfunga ulimi.

— Samaki wanamfungaje mtu ulimi? aliuliza Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kufika kama mshtakiwa tu.

— Wana mganga wao. Kambale. Huoni zile ndevu?

— Wapi! alibisha Wakili. Sauti yake imechukuliwa na upepo, imevuka ziwa. Saa hizi kuna mvuvi huko Kongo anakoroma kwa mashairi.

— Basi tuifuate na boti!

— Taratibu, Wakili akamzuia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu kashaziba mdomo. Ukuta wa nini tena?

— Jamani, posa yangu! Gasper alikaribia kulia.

Hapo akapita Astérie, mama wa kwao Egide, na beseni kichwani.

— Mwaramutse, akatusalimu kwa lugha ya kwao. Kuna nini?

Tukamweleza. Akatua beseni.

— Kwetu mtu akikusifia ng'ombe, nawe unasimama, unamsifu yeye kwa jina la baba yake. Ndipo anaghani tena. Huyu kawasifia dagaa mwaka mzima. Baba yake ni nani?

Niliona aibu, nikainamia kikombe changu. Gasper akasimama, akajifuta jasho.

— Egide, ngurumo ya Kibirizi! Mwana wa... mwana wa...

Akatugeukia. Wakili akatazama ziwa.

— Mwana wa dagaa? Injini akajaribu.

Egide akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Niyibizi, akasema. Baba yangu ni Niyibizi. Gasper, kavae viatu, twende Katonga.